Fangasi Aliyefunzwa na Udongo



Kipo kipimo cha maabara kisicho na gharama kubwa. Tone la ugiligili uliotolewa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa huchanganywa na tone la wino mweusi, kisha hutazamwa kwa darubini. Wino hutanda kote isipokuwa kwenye viduara vyeupe. Katikati ya kila kiduara yumo kriptokokasi, fangasi wa jamii ya hamira, na weupe unaomzunguka ni koti lake la sukari, ute mzito kama wa bamia ambao wino haupenyi.

Koti hilo halikuwa nene hivyo huko alikotoka. Udongoni, kwenye miti na kwenye kinyesi cha njiwa, fangasi huyu ni mdogo na mkavu, hupeperushwa na upepo tukamvuta bila kujua. Akifika mapafuni hukuta joto la nyuzi 37, kaboni dayoksaidi ya karibu asilimia 5 badala ya asilimia 0.04 iliyomo hewani, na madini ya chuma ambayo mwili umeyaficha kwa makusudi. Fangasi walio wengi hushindwa na joto hilo peke yake, bahati kubwa ambayo hatuishukuru. Huyu huzipokea dhiki hizo kama taarifa. Kaboni dayoksaidi na uhaba wa chuma humchochea anenepeshe koti. Baadhi ya seli zake, ambazo kwa kawaida hazizidi maikromita 10, huvimba hata kupita mara tano ya ukubwa huo, na chembe nyeupe ya damu ikashindwa kuzimeza.

Zinazomezwa nazo hazifi kirahisi. Hujipaka melanini, rangi ya jamii ileile inayotia weusi nywele zetu, ikazima sumu za oksijeni ambazo chembe nyeupe huzimwagia. Na ubongoni, anakopenda kuishia, kuna dopamini tele, malighafi anayoweza kuitumia kutengeneza melanini hiyo.

Vitabu vingi humwita adui mjanja. Mimi sioni ujanja wowote dhidi yetu. Ugonjwa anaousababisha hauambukizwi kwa kawaida kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo mwili wetu kwake ni njia isiyomfikisha popote. Mwaka 2001 mtafiti Arturo Casadevall na wenzake walionyesha kwamba amiba wa udongoni humla kriptokokasi, naye huzaana ndani ya amiba kwa namna inayofanana sana na anavyofanya ndani ya chembe zetu nyeupe. Mafunzo aliyapata huko. Sisi tunakutana na mhitimu, hasa pale VVU vinapokuwa vimeshusha kinga.

Mazoea hayo ya kustahimili dhiki ndiyo yanayoisumbua tiba. Flukonazoli, dawa ya fangasi, huziba kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli ya fangasi. Baadhi ya seli hujiongezea nakala nzima ya kromosomu namba 1, iliyobeba jeni ya kimeng'enya hicho pamoja na ya pampu inayoitapisha dawa nje. Dawa ikiondoka, nakala ya ziada hutupwa. Utafiti wa wagonjwa wa Tanzania uliochapishwa 2019 uliona jambo hilo likitokea ndani ya watu: flukonazoli peke yake ilizipa nafasi seli sugu zitawale, na ilipoambatana na dawa nyingine, flusitosini, zilidhibitiwa. Flusitosini ilitengenezwa 1957. Kwamba kwa miaka mingi nchi nyingi za Afrika zilitibu bila dawa hiyo, hilo si suala la biolojia.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya dawa iitwayo amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ni hatua kubwa, ila bado hatujaigusa mitambo yenyewe ya kustahimili dhiki. Protini ya kalsinyurini, kwa mfano, ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye nyuzi 37. Dawa za kuizuia tunazo. Wanaopandikizwa figo huzimeza kila siku. Tatizo ni kwamba fangasi ni jamaa zetu wa karibu kuliko bakteria, na kalsinyurini hiyohiyo huendesha kinga ya mgonjwa. Wanafunzi wa famasia, kinachotafutwa ni molekuli itakayoishika ya fangasi na kuiacha ya mtu.