Viungo vya Chuma: Ribiti, Boliti na Kulehemu

Sogeeni karibu na redio. Kiongozi wa darasa awe na chaki mkononi, na kila mwanafunzi awe na karatasi moja chakavu. Tutaihitaji baadaye.

Somo letu la leo ni viungo vya chuma. Kiungo ni mahali ambapo kipande kimoja cha chuma hushikana na kipande kingine. Labda mtasema, "Hayo ni mambo ya mafundi wa Tunduma, sisi ni wakulima." Sivyo, ndugu zangu. Siku hizi kenchi za chuma hupandishwa juu ya madarasa, makanisa, misikiti na maghala ya mpunga. Watakaokaa chini ya paa hilo ni watoto wenu, na fedha zinazolijenga mara nyingi ni michango yenu. Basi ni haki yenu kujua ni kitu gani kinachoshika paa hilo lisianguke.

Kumbukeni jambo moja. Ukifunga ndoo kwa kamba nzuri lakini fundo likawa baya, ndoo itabaki kisimani. Kadhalika chuma chaweza kuwa kinene na imara, lakini kiungo kikiwa kibovu, jengo ni bovu.

Kuna njia tatu kubwa za kuunganisha chuma. Kiongozi, ziandike ubaoni: ribiti, boliti, kulehemu.

Njia ya kwanza ni ribiti. Ribiti ni kama msumari mnene wenye kichwa upande mmoja. Mafundi huichoma mpaka iwe nyekundu, huipitisha katika matundu ya mabamba mawili, kisha huigonga upande wa pili mpaka ipate kichwa cha pili. Ikipoa, hujikunja na kuyabana mabamba kwa nguvu. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwa miaka mingi ilitia nanga Kasanga, iliunganishwa hivyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa gari moshi. Huko Kigoma ikaungwa tena kwa ribiti, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiwaachie maadui zao. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Siku hizi majengo mapya hayatumii sana ribiti, kwa sababu kazi yake ni ndefu na huhitaji watu wengi.

Njia ya pili ni boliti na nati. Boliti hukazwa kwa spana, na yaweza kufunguliwa tena. Hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Tazameni kichwa cha boliti. Mara nyingi mtakuta namba, kwa mfano 4.6 au 8.8. Namba hizo hueleza nguvu ya chuma cha boliti hiyo. Boliti ya 4.6 ina nguvu kama nusu tu ya boliti ya 8.8 yenye unene uleule. Ukiziweka mkononi zinafanana. Ni asomaye tu atakayezitofautisha. Ikiwa mchoro wa jengo unasema 8.8, na fundi ameleta 4.6, msikubali.

Sasa chukueni ile karatasi. Toboeni tundu moja karibu kabisa na ukingo, na tundu jingine mbali na ukingo. Ingizeni penseli katika tundu la kwanza, kisha vuteni kuelekea ukingo. Limechanika upesi, sivyo? Fanyeni vivyo hivyo kwa tundu la pili. Sasa mmetumia nguvu zaidi. Bamba la chuma nalo huchanika namna hiyo. Kwa hiyo tundu la boliti lisikaribie mno ukingo. Tena lisiwe pana kupita kiasi. Boliti ya milimita 16 kwa kawaida hutobolewa tundu la milimita 18.

Njia ya tatu ni kulehemu, ambako wengi huita kuchomelea. Moto wa umeme huyeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na kijiti cha kuchomelea. Vikipoa, vinakuwa kitu kimoja. Ni njia nzuri, lakini ubovu wake hujificha. Fundi akilehemu juu ya kutu, rangi au mafuta, mshono hautashika vizuri. Akiweka nukta mbili tatu mahali palipotakiwa mshono mzima, vyuma vitashikana kwa siku ile tu. Kisha rangi ikipakwa, hakuna atakayeona. Basi kagueni kabla ya rangi. Mshono uwe umeendelea bila kukatika, usiwe na vijitundu wala ufa, na maganda yake yawe yamegongwa yakatoka.

Sasa tuangalie viungo kwa tabia yake. Bawaba ya mlango hushika mlango usianguke, lakini huuacha ugeuke. Mguu wa kigoda kilichochongwa kwa gogo moja haugeuki hata kidogo. Katika majengo ya chuma viko viungo vya namna zote mbili. Kiungo chepesi hubeba uzito wa boriti na kuuacha ncha yake ijipinde kidogo. Kiungo kigumu huikaza boriti na nguzo ziwe kama kitu kimoja, na huhitaji boliti nyingi zaidi, bamba nene au mshono mkubwa. Si kwamba kimoja ni kizuri na kingine kibaya. Mhandisi huchagua, kisha hupiga hesabu ya jengo zima kwa kufuata uchaguzi wake. Fundi akibadilisha kiungo bila kumwuliza, ameiharibu hesabu yote.

Sikieni mfano wa kweli. Tarehe 17 Julai, 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa ndani ya ukumbi vilianguka juu ya watu. Watu 114 walikufa. Kijia kimoja kilikuwa juu ya kingine. Katika mchoro wa kwanza vyote viwili vilining'inia kwenye fito ndefu za chuma, kila kimoja kwa nati zake. Baadaye wakabadilisha: kijia cha chini kikaning'inizwa kwenye kijia cha juu.

Fikirini madebe mawili ya maji na kamba moja iliyofungwa mtini. Kila debe likiwa na fundo lake kwenye kamba hiyo, kila fundo hubeba debe moja. Lakini debe la pili likifungwa kwenye debe la kwanza, fundo la debe la juu hubeba madebe mawili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nati za kijia cha juu zilibebeshwa mzigo mara mbili. Hata mchoro wa kwanza haukufikia nguvu iliyotakiwa na sheria za mji ule. Badiliko likaongeza hatari.

Basi, mnapojenga, ombeni mchoro na mwusome. Hesabuni boliti za kila kiungo. Tazameni mishono kabla ya rangi. Na fundi akitaka kubadilisha kiungo, hata kidogo, mwambieni kwa heshima amwulize kwanza mhandisi wa halmashauri. Kuuliza si kumdharau fundi. Ni kuwalinda watoto.

Sasa zimeni redio, mjadiliane maswali haya:

1. Taja njia tatu za kuunganisha chuma.
2. Kwa nini tundu la boliti lisiwe karibu na ukingo wa bamba?
3. Boliti ya 4.6 na ya 8.8 zina tofauti gani?
4. Kwa nini tukague mshono kabla ya kupaka rangi?
5. Nendeni mkatazame jengo moja la chuma hapo kwenu. Viungo vyake ni vya namna gani?

Kwa herini mpaka kipindi kijacho.