MKOPO NI KODI YA KESHO

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Serikali wa Nachingwea na Ruangwa)



Kila inapozungumzwa habari ya deni la Taifa, wengi huuliza limefikia kiasi gani. Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Swali la Katiba ni jingine: nani mwenye haki ya kulifunga Taifa kwa deni, na nani humwuliza kabla hajatia sahihi?

Wakazi wa Nachingwea hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Sheria ya Bunge lao ya mwaka 1948 iliweka kikomo: shirika lililosimamia mpango huo lisikope zaidi ya paundi milioni 50, mbali na mikopo ya muda mfupi. Kikomo hicho hakikuvukwa. Hata hivyo mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kikomo kilikuwapo, kilichokosekana ni ulizo la kweli, kabla matrekta hayajashushwa, kama udongo na mvua vitakubali. Mkulima wa Nachingwea, ambaye angeweza kujibu, hakuwa na kiti katika Bunge lile.

Sasa itazamwe Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 138 yasema kodi yoyote haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Lakini mkopo ni nini, kama si kodi iliyoahirishwa? Juu ya mkopo Katiba haikuweka kiwango. Ibara ya 141 yasema tu kwamba deni la Taifa litadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Uwezo wa kukopa umo katika sheria ya mwaka 1974, iliyomkabidhi Waziri wa Fedha. Matokeo yake ni haya: mshahara wa mwalimu wa Ruangwa huombewa idhini ya Bunge kila mwaka, bali deni, likishatiwa sahihi, lina haki yake tayari katika Mfuko Mkuu. Nyumba ya mwalimu yaweza kungoja, mkopeshaji hangoji.

Wako wanaosema dawa ni kuandika tarakimu katika sheria. Jirani Kenya wamejaribu. Mwaka 2019 Bunge lao liliweka shilingi trilioni 9. Mwaka 2022 zikawa trilioni 10. Mwaka 2023 tarakimu ikaachwa, ikawekwa asilimia 55 ya pato la Taifa. Mpaka unaohamishwa kila unapokaribiwa si mpaka.

Hapa nchini hoja hiyo ilipamba moto mwishoni mwa Desemba 2021, Spika Job Ndugai alipohoji hadharani mikopo na kutaja hofu ya nchi kupigwa mnada. Rais Samia Suluhu Hassan alimjibu tarehe 4 Januari 2022, akieleza kwamba mikopo ni ya maendeleo, na tarehe 6 Spika akajiuzulu. Watu walishughulika mno na nani kamshinda nani. Swali lenyewe, la mahali pa Bunge katika kukopa, likabaki bila jibu.

Serikali nayo ina hoja: majadiliano na wakopeshaji yataka wepesi, na Bunge huona makisio ya mikopo katika bajeti. Ni kweli. Lakini makisio ni jumla. Riba na masharti ya kila mkataba hayamo. Aidha mawaziri ni wabunge pia. Watu wa Ruangwa walijua hilo vizuri, kwa kuwa mbunge wao, Ndugu Kassim Majaliwa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025, na kwa hiyo kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni.

Ibara ya 63 hulipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake yenyewe yahitaji kuridhiwa. Mkataba wa mkopo usiotaja jambo hilo hupita kando. Yafaa ibara hiyo iongezwe maneno machache, ili kila mkopo mkubwa wa nje uletwe mbele ya wabunge pamoja na masharti yake kabla ya sahihi. Badiliko la namna hiyo lahitaji theluthi mbili ya wabunge.