Mjusi wa Tendaguru na Matope Yake

Leo tunakwenda Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru.

Kati ya mwaka 1909 na 1913, vibarua chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani walifukua pale mifupa ya dinosaria kwa ajili ya msafara wa Wajerumani. Wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, na zaidi ya tani 200 zikaishia Berlin. Mjusi mmoja, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan, alisimamishwa kwenye makumbusho ya huko mwaka 1937, kimo chake kikipita mita 13. Kila akitajwa, watu huulizana: arudishwe au asirudishwe? Ni mjadala wa haki kabisa. Lakini anayechunguza viumbe vya kale ana swali lake: mnyama huyu aliishi wapi, na alikula nini? Hapo mifupa peke yake haitoshi. Inabidi kuuliza udongo ulioifunika, na huo bado uko Lindi.

Ukichimba Tendaguru utakuta mashapo yenye mifupa, juu yake mchanga wenye makombe ya baharini, kisha mifupa tena, kisha makombe. Tabaka za mifupa ziko tatu. Bahari, basi, ilikuwa ikija na kurudi. Miaka milioni 150 hivi iliyopita pale palikuwa pwani, wangwa mpana wa maji kupwa na kujaa. Mikoko msiitie kwenye picha hiyo; ilikuwa bado haijatokea duniani.

Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani na Tanzania walirudi kilimani, safari hii wakiyafuata hasa mashapo. Ndani yake mna chavua, lile vumbi la uzazi wa mimea, nyingi ikiwa ya miti ya jamii ya misonobari iliyostahimili ukame. Kwa hiyo palikuwa na joto, na kiangazi kikali kila mwaka. Tena wangwani hapakuwa na majani ya kumshibisha mnyama wa ukubwa ule. Ndiyo maana watafiti wanaona kwamba makundi ya wanyama hawa yalikaa zaidi bara, kwenye misitu, yakawa yanateremka pwani mara kwa mara. Waliofia matopeni wakati huo ndio tulionao leo. Wenzao waliofia msituni, hapakuwa na tope la kuwafunika upesi, mifupa yao ikaoza.