Hewa Tuivutayo Nayo ni Siasa



Leo sizungumzii uchaguzi wala katiba. Nazungumzia hewa, na mtaona siasa yenyewe imo humo humo.

Hapa hapa London alikuwapo mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah, akiishi karibu na barabara ya South Circular. Alifariki Februari 2013 kwa pumu, akiwa na miaka 9, baada ya kulazwa karibu mara 30. Uchunguzi wa kifo wa mwaka 2014 haukugusa moshi wa magari. Mama yake, Rosamund, hakuridhika.

Profesa Stephen Holgate akazichukua siku alizougua mtoto, akazilinganisha na vipimo vya kituo cha hewa kilichokuwa kama maili moja kutoka kwao. Ripoti yake ya 2018 ilisaidia uchunguzi kufunguliwa upya. Desemba 2020 ikaamuliwa kwamba hewa chafu ilichangia kifo kile. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza jambo hilo kuandikwa katika cheti cha kifo.

Sasa nauliza: pasingekuwapo kituo kile, profesa angelinganisha na nini?

Mama yangu amepikia mkaa maisha yake yote. Alikohoa miaka mingi, sisi tukisema ni baridi, baadaye tukasema ni uzee. Hakuna aliyepima. Na mimi, nikiwa huku, nilituma pesa za geti na vigae vya sebuleni. Jikoni sikutuma kitu. Hilo ni kosa langu, silisukumi kwa serikali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wengi katika nchi kama zetu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha wananchi asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini mtungi wa gesi ukiisha, nani anaujaza?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Tunaotuma pesa, tuanze na jikoni. Na tunaodai haki, tudai pia vituo vya kupimia hewa, na vipimo vitangazwe hadharani. Kisichopimwa hakina shahidi.

Naomba kutoa hoja.