Mzazi Asiyemwona Mwanawe



Wenzetu waishio kando ya Mto Tana wamjua mkunga, yule samaki mrefu afananaye na nyoka. Leo twawaletea habari za ndugu yake wa mito ya Ulaya, kwa maana ana neno la kutufundisha sisi wazazi.

Tangu zamani watu wa Ulaya walimvua mkunga mitoni, lakini hakuna aliyejua azaliwako. Mwaka 1904 mtu wa Denmarki, Johannes Schmidt, alivua karibu na visiwa vya Faroe mtoto wa mkunga, urefu wake sentimita 7 hivi, mwembamba kama jani, mwangavu kama kioo. Akawaza: kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo kwao kulivyo karibu. Basi akaizunguka Atlantiki na nyavu zake, akawaomba na manahodha wa meli za biashara wamsaidie. Mwaka 1922 akatangaza kwamba walio wadogo kuliko wote, wasiofika hata sentimita 1, wako katika Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki, upande wa Marekani.

Kutoka huko mikondo ya bahari huwachukua watoto hao kilomita elfu kadhaa hadi Ulaya. Hawana nguvu ya kushindana na maji, na wengi hufa njiani. Wafikao pwani hugeuka umbo, kisha wengi wao hupanda mito. Baada ya miaka mingi hurudi baharini, huzaa mara moja tu, na kufa. Hakuna mzazi amwonaye mwanawe akifika mtoni.

Wapenzi, hapo ndipo penye uchungu wetu. Tulimlea kijana, tukamtafutia nauli, akapanda basi kwenda mjini, na miezi mitatu sasa hatujapata neno lake. Usiku twajiuliza kama kazi yetu imepotea.

Hatutawadanganya kwamba kila achukuliwaye na mkondo hufika. Lakini tusiseme amepotea kwa kuwa hatujamwona. Schmidt alifariki mwaka 1933. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo wataalamu walipotangaza kwamba wamewafuata mikunga wazima kwa vyombo hadi Sargasso, na mayai yao humo hayajaonekana hata leo. Hata hivyo, kila mwaka mito ya Ulaya hupokea watoto.

Tena tukumbuke jambo hili: wakati sisi twamlilia wetu, kijana wa mtu mwingine amefika mtaani kwetu, mgeni, hana amjuaye. Mama yake naye amekesha. Hatuwezi kuushika mkondo uliomchukua wetu, lakini mlango wetu twaweza kuufungua.

Ee Bwana, uwalinde walio mbali, nasi utufanye pwani njema kwa wana wa wenzetu. Amina.