Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Mazungumzo Kuhusu Kompyuta na Michezo ya Kuvaa Uhusika



Mada ya leo yaonekana kuwa ya vijana, lakini mfuko unaotoboka mara nyingi ni wa mzazi. Kwa hiyo nawaomba nyote mnitegee sikio.

Tunazungumzia michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mtu wa hadithi, akasafiri, akapigana na kuamua mwenyewe mkondo wa kisa. Michezo hiyo imekuwa mizito sana. Chukueni mfano wa Baldur's Gate 3, uliotolewa na kampuni ya Larian Studios ya Ubelgiji mwezi Agosti 2023. Kiwango cha chini kilichotangazwa ni RAM ya GB 8, kadi ya michoro ya daraja la GTX 970, na nafasi ya GB 150 katika diski ya SSD. Kiwango kinachopendekezwa ni RAM ya GB 16 na kadi ya daraja la RTX 2060 Super. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa kwa kazi za ofisi au masomo hazikuundwa kubeba mzigo huo, na hapo ndipo mlaji hupotezewa fedha.

Niwasimulie lililotokea nyumbani kwangu. Mpwa wangu alikuwa na kompyuta mpakato iliyocheza vizuri kwa dakika ishirini, kisha ikaanza kusitasita. Fundi wa duka moja hapa mjini, pasipo kuifungua wala kuipima, alimwambia aongeze RAM. Kijana akalipa fedha alizozipata kwa kufundisha watoto wa jirani jioni kwa miezi mitatu. Aliporudi nyumbani, mambo yalikuwa yale yale. Tulipoifungua tulikuta tundu za kupitishia hewa zimezibwa na vumbi kama sufi. Kuisafisha kulitugharimu saa moja na brashi laini. RAM ile haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Na kwa kuwa hakudai risiti, hakuwa na la kumwambia muuzaji.

Ndugu zangu, kompyuta inayozidiwa hutoa dalili, nazo zasomeka.

Dalili ya kwanza: mchezo huanza vyema, kisha hupungua kasi baada ya muda. Mara nyingi hilo ni joto. Prosesa na kadi ya michoro hujipunguzia kasi zenyewe zisije zikaungua. Katika hali ya hewa ya joto na vumbi kama yetu, safisheni feni mara kwa mara. Zimeni kompyuta na kuitoa kwenye umeme kwanza, na izuieni feni isizunguke mnapoipuliza. Kompyuta mpakato iwekwe juu ya meza, kamwe isiwekwe juu ya godoro.

Dalili ya pili: mchezo hukwama kila mnapoingia eneo jipya, au husubirisha muda mrefu kufunguka. Mshukuni diski ya zamani inayozunguka, au RAM isiyotosha. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mchezo unaendelea. Windows itawaonyesha ni kifaa gani kimejaa.

Dalili ya tatu: mchezo ni mzito tangu mwanzo, kila mahali. Punguzeni idadi ya nukta za picha, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kasi ikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyoelemewa. Isipopanda, yaelekea mzigo uko kwenye prosesa, na kadi mpya haitawasaidia sana. Katika Baldur's Gate 3 jambo hili huonekana wazi katika sehemu ya tatu ya kisa, ndani ya jiji lenye umati wa watu.

Baada ya kuijua dalili, anzeni na tiba zisizo na gharama. Chomekeni chaja, kwani kompyuta mpakato ikitumia betri hupunguza nguvu. Fungeni programu zinazoendelea nyuma ya pazia. Sasisheni programu endeshi ya kadi kutoka kwa mtengenezaji wake. Katika mipangilio ya mchezo, shusheni kwanza vivuli, ukungu na umbali wa kuona. Mandhari itapungua urembo kidogo, lakini kasi yaweza kupanda sana. Mkiona chaguo la FSR au DLSS, lijaribuni: kompyuta huchora picha ndogo kisha huikuza. Matoleo ya awali ya FSR hufanya kazi kwenye kadi za watengenezaji mbalimbali. DLSS huhitaji kadi ya NVIDIA ya familia ya RTX. Nazo programu zinazodai kuongeza kasi kwa kubofya mara moja, ziepukeni. Nyingi hazifanyi lolote ambalo hamwezi kulifanya wenyewe, na baadhi hubeba virusi.

Ikibidi kununua, nunueni kwa mpangilio. Jueni kwanza kama kifaa chenu chaweza kubadilishwa, maana katika baadhi ya kompyuta mpakato RAM imeunganishwa moja kwa moja na ubao, na kadi ya michoro kwa kawaida haibadilishwi. Kwa kompyuta ya mezani, angalieni nguvu ya kifaa cha umeme. Kadi ya RTX 2060 Super hutumia wati 175, na NVIDIA hushauri kifaa cha wati 550. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika hazifikii hata wati 300. Tena, jueni mchezo wenyewe unahitaji nini. Elden Ring, uliotoka Februari 2022, umewekewa kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Kompyuta iliyokwisha kufikia hapo haitaongezewa kasi na kadi ya bei kubwa zaidi.

Jihadharini na bidhaa bandia. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa taarifa za ndani ili zijitangaze kuwa mpya, na diski zinazodai ujazo zisio nao. Kabla ya kulipa, ombeni kadi iwashwe na ikaguliwe kwa programu ya bure ya GPU-Z. Diski nayo ijaribiwe mapema, kwa kuijaza mafaili na kuyafungua tena, muda wa dhamana ungalipo.

Hata mchezo wenyewe una nafasi ya kurudishwa. Katika duka la Steam, mnunuzi aweza kuomba fedha zake ndani ya siku 14, iwapo amecheza chini ya saa mbili. Zitumieni saa hizo kuipima kompyuta yenu.

Mwisho, wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daini risiti ya EFD yenye jina kamili la kifaa, na dhamana iliyoandikwa. Muuzaji akiwageuka, mpelekeeni malalamiko kwa maandishi; akikataa, Tume ya Ushindani ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Vijana, hatusemi msicheze. Tunasema jasho lenu lisigeuzwe faida ya mtu asiyetaka hata kuifungua kompyuta yenu na kuitazama. Atakapowaambia "ongeza hiki," mwulizeni swali moja tu: "Umepima nini?"