Printa Ikikataa Kuchapa, Tuulize Foleni Kwanza

Hotuba kwa makarani na waweka hazina wa vikundi vya akiba na mikopo



Leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linatukosanisha ofisini. Siku ya mkutano imefika, wanachama wameketi wakingoja taarifa za mikopo yao, na printa imenyamaza. Basi karani analaumiwa bure, na fundi anaitwa kwa pesa za kikundi. Kwa ofisi zinazotumia Linux, ambayo ni ya ukoo wa Unix, mara nyingi shida hii tunaweza kuimaliza wenyewe.

Tuelewe kwanza kazi inavyokwenda. Ukibonyeza kuchapa, karatasi yako haiendi moja kwa moja kwa printa. Inapokelewa na programu inayofanya kazi kimyakimya. Mafundi wanaiita demoni. Msishtuke, si pepo mbaya! Kwenye Linux kawaida ni CUPS, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Hufanya kama mwenye posho mill: anapokea debe zetu za mahindi, anazipanga, anasaga moja moja. Mashine ikisimama, debe zinabaki kwenye mstari. Je, kuleta debe zingine tano kutaiwasha? Hapana. Kwa hivyo tusibonyeze tena na tena. Tuulize, hatua kwa hatua.

Kwanza: mtumishi yuko kazini? Andika lpstat -r. Ukijibiwa kwamba haendeshwi, mwamshe kwa sudo systemctl start cups.

Pili: foleni imefunguliwa? Andika lpstat -p. Ukiona neno disabled, foleni imesimamishwa. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. CUPS ikishindwa kupeleka kazi, pengine stima ilipotea au waya ulichomoka, inaweza kusimamisha foleni yenyewe. Stima ikirudi, printa inawaka vizuri, lakini foleni bado imelala. Inangoja mtu aiamuru.

Lakini ngoja kidogo kabla ya kuiamuru. Andika lpstat -o uone kazi zinazosubiri. Kama taarifa moja imetumwa mara tano, futa nne kwa kutaja namba zake, mfano cancel ofisi-27. Kisha fungua foleni: sudo cupsenable ofisi. Hilo neno "ofisi" ni jina la foleni yetu. Wewe weka la kwenu.

Tatu: foleni iko wazi na hakuna kinachotoka? Angalia nafasi kwa df -h /var, maana kazi zinazosubiri huwekwa huko. Diski ikijaa, hakuna pa kuziweka. Halafu soma mistari ya mwisho ya daftari la makosa: sudo tail /var/log/cups/error_log. Usipoielewa, inakili jinsi ilivyo umpe fundi. Atamaliza kazi upesi, na gharama itapungua.

Sasa, kwa nini tunasisitiza kufuta nakala za ziada? Si kwa sababu ya karatasi na wino peke yake. Foleni haisahau. Ukienda nyumbani kazi zikiwa zimelala, kesho mtu mwingine akiifungua, taarifa zote zitatoka mbele ya yeyote aliyepo. Deni la mama mmoja litasomwa na majirani zake. Mwanachama alituamini na siri yake. Imani hiyo ikivunjika, hakuna amri ya kompyuta ya kuirudisha.

Kwa hivyo tunaombana mambo matatu. Amri hizi ziandikwe kwa mkono na kubandikwa karibu na printa. Watu wawili katika kila ofisi wajue kuzitumia, na wawe na ruhusa. Na kabla ya kufunga mlango jioni, tuangalie foleni kama tunavyoangalia sanduku la pesa.